Chenga

Picha ya kwanza imetoka na ukungu.
Mashine yetu hapa Kayole ni kuukuu,
na umeme uliyumba pale pale nilipomwambia:
vuta pumzi, Munyithya, ishike.
Akaishika. Akakohoa.

Miaka arobaini na mmoja, ishirini kati yake machimboni Njiru.
Viganja vyake viliacha unga mweupe kwenye ubao wa eksirei.
Niliupangusa kwa kitambaa
bila kufikiri.

Sasa amekaa nje kwenye benchi, vifungo vya shati vimepishana,
nami niko gizani na kifua chake.
Naanza na mwanga. Umerundikana pembeni
kama mitungi siku ya maji;
nautandaza, kila kivuli kipate nafasi,
na mbavu zinajitokeza, moja, moja,
nyuma ya moyo pia.
Nanoa kingo. Taratibu, maana ukinoa mno
mfupa mzima huota ufa
na mtu akarudi nyumbani na plasta ya bure.
Lilishanitokea. Simtaji jina.

Zimebaki chenga.
Zimetapakaa mapafu yote mawili, juu kuliko chini,
kama runinga iliyopoteza stesheni.
Kuna kichujio cha kazi hiyo:
huuliza kila nukta, jirani zako wana rangi gani?
na isiyofanana na jirani hupakwa rangi ya jirani.
Nabonyeza.
Picha inatakata. Mapafu laini
kama ya mtoto wa chekechea.
Daktari Shitanda angeipenda. Angeandika: kifua safi.

Kule nje anakohoa,
kikohozi kikavu, cha mtu anayebisha mlango
asiotarajia kufunguliwa.

Mama aliuza mchele Nyamakima.
Akipeta, makapi yaliruka na upepo wa barabara,
chenga akaziweka kwenye kopo la peke yake.
Nikamwuliza, za nini?
"Huo ni mchele uliovunjika, si takataka.
Unafikiri uji wako hutoka wapi?"

Nafuta hatua ya mwisho. Zinarudi zote.

Nasita: kila picha ni miale mingine mwilini mwake.
Lakini ya kwanza alikohoa. Namwita.
Vuta. Ishike.
Safari hii umeme umetulia, na yeye pia.

Nalaza picha juu ya picha, ubavu juu ya ubavu.
Za umeme zinanipiga chenga:
zilikuwa hapa, sasa ziko kule, sasa hazipo.
Hizi nyingine hazihami.
Ndogo, duara, punje za wimbi,
mahali pale pale mara zote mbili.
Jiwe alilowachongea watu nyumba
limejijengea na humu.

Natuma zote mbili kwa daktari. Chini naandika:
hazikuchujwa.

Mlangoni amesimama, kofia mkononi.
"Dada, picha imetoka vizuri?"

Kitambaa bado kimo mfukoni mwangu, na unga wake.

"Imetoka," nikamwambia.