Panya Asiyeliwa

Kile cha zamani kilikufa Septemba:
panya wa darini, wa kweli, mwenye mkia,
alikata waya wake nikiwa usingizini.
Panya kala panya, akasema mama, akacheka peke yake.
Wa shamba tungemchoma. Wa ndani haliwi.
Akaenda zake na kipande cha shaba tumboni.

Basi Jumamosi, baada ya mnada,
vumbi la ghala bado limekaa kwenye nyusi,
nikashuka Chikongola, dukani kwa Mshamu,
nikamwambia: nitolee vyote.

Vilikuwa kumi na kimoja.
Akaanza na chenye taa,
nyekundu, kijani, zambarau, zinazunguka kama ukumbi wa harusi.
"Mabingwa wanatumia hiki."
Mshamu, nikikishika, kiganja kinafunika taa zote.
Nani atakuwa anaziona?
Akakizima.

Kazi yangu ni kupima korosho.
Kisu ninacho, lakini mkono hujua kabla ya kisu:
inayocheza ndani ya ganda imenyauka,
iliyo nzito kupita kiasi imelazwa majini ivute mizani.
Kwa hiyo nilifumba macho.

Cha kwanza kipana, cha mpakia magunia;
vidole vyangu viliishia katikati,
kama mtoto kwenye kiti cha mkubwa.
Cha pili kina ubavu wa mpira laini, kitamu kushika,
nikakikataa kwa huo utamu.
Novemba ya Mtwara naijua.
Mpira ule utatoa jasho kuniliko mimi,
mwakani utakuwa gundi, unakusanya nywele.
Cha tatu nilikitikisa. Kikalia.
Kitu kipya hakina sababu ya kulia.

"Somoe, unachagua kipanya au mchumba?"
Mchumba nisingemtikisa.

Boksi la cha saba limeandikwa:
mibonyezo milioni hamsini.
Nikavuta stuli, nikapiga hesabu nyuma ya risiti.
Elfu kumi kwa usiku, umeme ukiwepo:
usiku elfu tano. Miaka kumi na mitatu na ushei.
Nitakuwa na arobaini na moja.
Nilijiuliza ni nani atakayekuwa kwenye kile kiti,
na kama bado ataudhika akipigwa risasi mgongoni
na kijana wa Nairobi asiyemjua.

Kidole changu cha shahada kina kovu la mafuta ya ganda.
Ngozi yake ngumu haisikii mambo ya kunong'ona.
Nataka kitufe kinachojibu, nikibonya nijue nimebonya.
Si kama marehemu, ambaye siku zake za mwisho
nilibonya moja, akasikia mbili,
kama shangazi Fadina ukimpa habari.

Cha tisa, cheusi. Hakina taa wala picha ya joka.
Mgongo umeinuka pale kiganja kinapozama,
gumba lina pa kuegemea,
waya umesukwa kama ukili.
Nilikaa nacho tukizungumza bei ya mbaazi
hadi nikasahau nimekishika.

Bei yake Mshamu aliitaja akitazama barabarani:
sawa na kilo kumi na nane za mnada wa leo.
Nikatoa za kumi na sita.
Tukaachana kwenye kumi na saba,
hakuna aliyefurahi.

Nyumbani mama alikipindua chali, akakikagua tumbo.
"Hana meno," akasema. "Huyu akae."
Boksi akalichukua yeye, akatia mbegu za kunde.
Waya nimeupitisha juu, kwenye msumari wa chandarua,
mbali na ukuta unaochakurwa usiku.

Saa tatu umeme ukakatika.
Nikabaki gizani, mkono juu yake,
nabonya taratibu, sina ninayemlenga,
na hizo sikuziingiza kwenye hesabu.