Bei ya Mkalimani

Euro elfu arobaini na moja, leseni ya mwaka wa kwanza.
Aivars ameipigia mstari mwekundu,
kisha akaupigia mstari ule mstari.
Nje, theluji ya Valmiera inayeyuka kwa awamu, kama mkopo.

Mfumo wa maabara husema "mgonjwa".
Wa duka la dawa husema "mteja".
Wa uhasibu hausemi mtu, husema deni.
Katikati yao, tangu mwaka wa tisini na nane,
ameketi Dzintra
akinakili potasiamu ya huyu, sukari ya yule,
skrini ya kushoto kwenda ya kulia,
kidole cha shahada kimepinda kama ndoana.

Muuzaji kutoka Riga anasema miezi sita tu.
Na nani atamfunza huyo mkalimani wa umeme
kwamba Vītoliņš na Vitolins ni mzee mmoja,
mwenye figo moja?
Nani atamwamsha akizirai usiku wa manane?
Hilo halimo kwenye karatasi ya bei.

Halimo pia lile la Novemba:
nukta iliyoruka tarakimu moja,
dozi iliyozuiwa mlangoni na muuguzi mwenye shaka.
Dzintra hakulia. Alikwenda kuosha kikombe chake
mara tatu.

Aivars anajumlisha, anagawa, anafuta.
Kununua kuna risiti.
Kukosa hakuna.

Saa kumi na moja jioni anamwita:
"Ungekuwa wewe?"
Dzintra anaitazama mikono yake kana kwamba ni ya jirani.
"Kwanza muulize yule wa Riga," anasema,
"kama mkalimani wake anajua kusita."