Pima Nane na Nusu

Muuza duka wa Mwembe Tayari amemwandikia betri nane.
Nane! Kwa kisima cha uani, Mtongwe,
vyumba kumi na kimoja na choo cha shirika.
Bi Mwanatumu kanikabidhi karatasi, imekunjwa mara nne:
"Soma wewe. Mimi mato yangu yaishia kwenye bei."

Sikusoma. Niliomba kamba.

Kwanza maji, nikasema, jua baadaye.
Mwatumia mitungi mingapi?
Chumba cha tatu wakajibu minne,
uani kote wakaangua kicheko,
maana Mama Nyevu hufulia watu nguo hadi Likoni.
Nikaandika kumi na minne. Hakukana.
Jumla: mitungi mia na thelathini,
lita elfu mbili na mia sita kwa siku.

Kisha kina.
"Pima kumi," akasema, hata sijauliza.
"Marehemu alichimba kwa mikono yake. Hakuna harusi asiyoisema."
Nikafunga jiwe, nikaishusha kamba
fundo kwa fundo,
na fundo la nane lilipopita kidogo tu
kamba ikalegea.
Nikaivuta. Nikaishusha tena.
Nane na nusu.

Sikujua nitazame wapi.
Yeye akaishika ncha iliyolowa, akalamba kidole.
"Tamu," akasema. Akanyamaza.
"Jirani Mwachiti alikwenda kumi na mbili.
Kwake sabuni haitoi povu hadi leo.
Basi mume wangu alijua pa kukomea.
Pa kunyamaza tu ndipo hakupajua."

Nikakalia ndoo iliyopinduliwa, nikapiga hesabu.
Pampu ndogo, nusu ya nguvu ya farasi,
ivute polepole, saa mbili,
kisima kipate kupumua
na bahari isiitwe chini kwa chini.
Wati mia tatu na sabini, mara mbili.
Theluthi hupotea njiani, kwenye waya, kwenye joto;
andika elfu moja na mia moja.
(Inveta usiibanie: pampu ikiamka
hudai mara tatu ya haki yake,
kama mtoto aliyeamshwa na njaa.)
Saa za jua nikahesabu nne tu,
za mwezi wa tano, masika yakiwa yamekaa juu ya bati
kama mdai asiyeondoka.

Hesabu ikasema paneli moja.
Kalamu ikaandika mbili,
kwa ajili ya kunguru, na chumvi ya upepo,
na ule mwarobaini asiotaka ukatwe
ambao saa tisa hutandaza kivuli pale pale.

Betri, mbili.
"Na usiku?"
Nikamwonyesha tangi juu ya dari.
Usiku maji yatakuwa yameshapanda.
Lile ndilo betri yako kubwa, na halina asidi.
Hizi mbili ni za mawingu,
na za wenye kuamkia udhu wakakuta tangi limekauka
kwa sababu ya Mama Nyevu.

Yote niliyaandika nyuma ya karatasi ya muuza duka.
Nilipoinuka nikaona ukingoni mwa kisima,
kwenye saruji, maandishi ya kidole: PIMA 10.
Nikauliza kama nisahihishe.

"Iache," akasema, akiikunja kamba.
"Hiyo haisomwi na pampu."