Ubao wa Hali ya Maji

Saa kumi na moja na nusu alfajiri
naifuta jana kwa kitambaa kibichi.
Chaki inanichirizika hadi kiwikoni
na jana, ukiitazama vizuri, haikuwa na cha kuhifadhi:
nguru wawili, kolekole mmoja,
mteja mmoja aliyetapika toka Mayungu mpaka gatini.

Kisha nangoja redio ikohoe.
"Kidagaa hapa," anasema nahodha Shebwana.
(Boti ya futi thelathini na nane, wakaiita Kidagaa.)
"Kidagaa hapa. Andika, Mbodze."

Naandika.
Agosti, tarehe ishirini na sita.
Kusi limechoka lakini halijaaga.
Mawimbi mita moja na nusu, mafupi, ya kupiga mbavuni.
Maji ya Sabaki: rangi ya chai ya maziwa mpaka maili tatu,
ndipo mstari.

Mstari huo nimeuona mara moja tu,
siku waliyonichukua kushika zamu ya baharia aliyefiwa:
huku kahawia, huku buluu,
kanga mbili zilizoungwa na fundi mwenye haraka,
na kwenye mshono povu, majani ya mikoko,
ndara moja ya mtoto,
ndege wakigombana kama watu wa mnadani.
Samaki mkubwa hukaa kwenye buluu, hula kwenye kahawia.
Watu wa tabia hiyo nawajua. Wana nyumba Kasuarina.

"Jodari?"
"Wapo, kilo nane, kumi. Wako chini, hawataki kupanda."
"Nduwaro?"
"Mmoja alitutazama."
"Sulisuli?"
Redio inakwaruza.
"Sulisuli ni wa Novemba, Mbodze. Mwambie daktari."

Daktari ni wa meno, mstaafu, kutoka Torino.
Amekuja na fimbo nne na kofia ya matundu,
amelipia siku tano
kumtafuta samaki mwenye tanga mgongoni.
Meneja anasimama nyuma yangu, ananukia sabuni,
anasema kwa upole: andika "nzuri."

Nimeishika chaki.
Naandika "wastani,"
neno ambalo halijawahi kumuua mtu
wala kumlisha.

Saa tisa wanarudi, bendera juu.
Yule nduwaro aliyetazama ameuma.
Dakika arobaini na tano daktari kakazwa kitini
kama mtoto anayenyolewa kwa nguvu,
mshipi ukilia, Shebwana akirudisha boti kinyumenyume,
kisha wamemchoma kibandiko cha njano chini ya pezi,
wamemkisia kilo sabini,
wamemwachia.
Daktari analia kidogo. Anamkumbatia kila mtu, hata mpishi.
Mimi najaza kadi: nambari, saa, mahali.
Mizani yangu imeshinda ikining'inia
na upepo tu.

Maweni, mama anaacha kukuna nazi.
"Mmemsumbua saa nzima,
halafu mmemsamehe.
Kosa lake lilikuwa nini?"

Nimeshamweleza: ili wabaki, ili wazaane,
ili tujue wanakwenda wapi.
Mwaka juzi mmoja wetu alivuliwa Omani
na nambari yetu ubavuni, mwandiko wangu kwenye kadi.
"Na huko walimfanya nini?"
Walimla, mama.
"Haya," akasema, akairudia mbuzi yake.

Leo sikumweleza. Nimemfungulia mfuko
alionipa Bwanaheri pale gatini:
vibua waliobaki kwenye ndoo ya chambo,
barafu imeyeyuka, macho bado maangavu,
wawili wana tundu la ndoana mdomoni
kama masikio yaliyotogwa.

Tukawakaanga. Ukwaju, pilipili ya kuponda, wali.
Nje jirani anaita mbuzi wake, taa zinapotea, zinarudi.
Mama anatoa mwiba, anaulamba, anauweka ukingoni mwa sahani.

"Hawa ndio walikuwa wa yule samaki mkubwa?"
"Ndio."
"Mwambie ahsante
kwa kutubakizia."