Maana ya Pili

Jumanne niliwapa kazi ya nyumbani:
andikeni neno "shimo",
maana yake ya wazi, kisha maana yake ya fumbo.
Kazi nyepesi, nilidhani, ya darasa la tano,
kazi ya kitabuni, iliyotungwa na watu wa Lima
wanaolala juu ya ardhi nzima.

Sasa ni usiku. Mji huu uko mita elfu nne na mia tatu
juu ya bahari, maji yanachemka kabla ya kuwa moto,
nami nina madaftari thelathini na moja
na kalamu nyekundu.

Wilmer: "Maana ya wazi: pale.
Maana ya fumbo: palepale."
Nimemwekea vema, nikaifuta, nikairudisha.

Flor Huaricapcha: "Shimo ni mahali baba anakokwenda
na kofia ya njano. Kwa fumbo
ni mahali anakokwenda siku ya mshahara."

Edilberto hakuandika neno. Amechora mgodi,
duara ndani ya duara ndani ya duara,
akabonyeza penseli mpaka karatasi ikatoboka katikati,
na kwenye tundu hilo linachungulia neno moja
la ukurasa wa nyuma, la somo la hesabu:
"baki".

Wahenga walisema mchimba shimo huingia mwenyewe.
Hawakuwajua hawa wetu.
Hawa wana zulia, na dirisha linalotazama bustani, ng'ambo.
Kilichoingia ni mtaa wa washona viatu,
ni kanisa na kengele yake, ni nusu ya uwanja wa mpira.
Goli moja bado limesimama.
Wavulana hucheza kila Jumapili,
timu zote mbili zikishambulia upande mmoja,
na kipa mmoja, maskini, anawachukia wote.

Nimeliacha daftari la Nélida mpaka mwisho
kwa sababu mwandiko wake ni mdogo na macho yangu yamechoka.

"Bibi yangu Eulogia alinipeleka kwenye uzio wa seng'enge.
Akanyoosha kidole. Si chini. Hewani,
juu kidogo ya pale mbayuwayu wanapogeukia.
Akasema, pale palikuwa jiko letu.
Pale nilimzaa baba yako, usiku wa mvua ya mawe,
na mkunga aliweka beseni pale, kushoto.
Nikatazama kushoto.
Mwalimu, hewa ni maana ya wazi
au ni ya fumbo?"

Chai imepoa. Malori ya mgodi yanashuka,
taa zao zinazunguka ukutani kwangu,
taratibu, ngazi kwa ngazi,
kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha
na hataki kuulizwa ni nini.

Na mimi, nani alinipa kazi hii?
Nilipanda huku kutoka Chimbote, mji wa samaki,
nikikimbia chumba kimoja chenye kitanda kidogo
kilichotandikwa vizuri mno.
Hapa hakuna anayejua. Miaka sita.
Watu huniona natembea mbali na uzio
wakadhani mwalimu anaogopa kimo.
Waache wadhani.
Kila mwaka mwezi Agosti nashuka mzunguko mmoja,
nakuta mwingine chini yake,
napanda asubuhi kufundisha vivumishi.

Kitabu cha majibu kipo mezani.
Ukurasa wa arobaini na nane: "Shimo. Moja: uwazi
uliochimbwa ardhini. Mbili: hali ya kukata tamaa."
Wamesahau beseni.
Wamesahau mwanamke anayejua, bila kukosea hata kidole,
kushoto kwa kitu kisichokuwepo.

Kesho saa tisa alasiri watalipua, kama kawaida,
chaki zitaruka kwenye kijaluba,
nasi tutanyamaza kidogo, kisha tutaendelea na sentensi.

Nélida sikumpa alama.
Chini ya swali lake nimeandika, kwa wino mwekundu,
kwa sababu sina mwingine:
"Muulize bibi
beseni lilikuwa la rangi gani."