Anza na Mimi

Elinami, mwana wa kaka yangu,
nayaandika haya cherehani ikiwa imenyamaza,
umeme umekatika Majengo yote
na mshumaa huu nimeununua kwa hela yangu.
(Nimeandika hivyo kwa sababu utauliza. Uulize.)

Baba yako alipozikwa kihambani, Kibosho,
migomba iliyokatwa kupisha turubai ilikuwa bado inatoka maji
ukoo ulipokaa.
Mimi nilipeleka chai, nikarudi jikoni,
na nilipokwenda kuchukua vikombe
Anaeli, baba yako mdogo, alikuwa tayari msimamizi wa mirathi.
Hakuna aliyepinga. Hata mimi.
Alibeba jeneza upande wa kichwa. Alilia kweli.
Wewe ulikuwa na miaka sita, umevaa viatu kinyume.

Uliachiwa fremu mbili za duka karibu na stendi,
Fuso lililokuwa likienda Holili,
mibuni mia tatu na kumi,
na kitabu cha benki ambacho sijakiona tangu siku ile.

Mwaka wa kwanza tuliambiwa Fuso limekufa injini.
Mwaka wa pili nililiona Boma Ng'ombe
limepakwa kijani, limebeba vitunguu.
Bampa ilikuwa ile ile, imepinda pale
baba yako alipogonga lango la hospitali
usiku uliozaliwa, kwa furaha.

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako.
Mimi ni mshonaji. Nguo za ukoo huu zimepita mikononi mwangu,
najua pindo lipi limeficha nini.
Suti ya Anaeli ya Krismasi niliipima mwenyewe:
kiuno kimeongezeka inchi tatu
mwaka uleule uliorudishwa nyumbani kwa ada.

Nikanunua daftari.
Kodi ya fremu nimewauliza wapangaji wenyewe.
Malipo ya kahawa nimenakili ubaoni, pale chamani.
Na nilichoona kikikufikia:
sweta moja, kandambili, dawa ya minyoo.
Upande wa kushoto umejaa hadi pembeni.
Wa kulia ni mistari mitupu.

Alikuja dukani, akasimama mlangoni, akaziba mwanga.
"Dada, unanishtaki mimi? Tumenyonya ziwa moja."
Nikamwambia, ndiyo maana.
Angekuwa mgeni ningewaachia polisi.

Jumanne nilikwenda Mahakama ya Mwanzo.
Karani alitafuta jalada mpaka saa sita.
Ndani hamkuwa na orodha ya mali, hamkuwa na hesabu,
jina lako tu, nalo limekosewa: Elinani.
Niliililia ile herufi moja
kuliko nilivyolililia Fuso.

Hakimu amempa siku thelathini alete kila risiti.
Kitakachosalia kitaingia kwenye akaunti ya jina lako,
isiyofunguka kwa mkono mmoja.
Sikudanganyi: mibuni mingine imeng'olewa,
na Fuso halirudi.

Sasa fungua ukurasa wa kumi na moja.
Aprili. Elfu arobaini. Jina ni langu.
Mpangaji alinipa kodi nimpelekee Anaeli,
mimi nina homa, mota ya cherehani imeungua,
nikasema moyoni nitarudisha Jumamosi.
Nilivyosema ndivyo, nadhani, na yeye alivyoanza.
Nimeiandika kwa kalamu nyekundu isikupite.
Nimerudisha elfu kumi na tano. Zihesabu mwenyewe,
ziko kwenye kopo la vifungo.

Daftari liko chini ya droo, upande wa bobini.
Siku utakayotimiza miaka kumi na nane
usije na mzee wa ukoo, usije na soda.
Njoo na kalamu yako,
na usiniamkie kwanza.
Keti. Fungua.
Anza na mimi.