Hodi ya Upande wa Kushoto

Miezi mitano gari langu lilibisha hodi.
Kwenye njia iliyonyooka lilinyamaza kama mkwe,
lakini Bukavu njia iliyonyooka iko wapi?
Kutoka Essence hadi Panzi ni kona juu ya kona,
na kila nikikata kulia, linalia kushoto:
ko-ko-ko-ko.

"Kardani," akasema Cirhuza wa Kadutu,
hakuinua hata kichwa, anahesabu pesa za mtu mwingine.
"Sufle imepasuka, grisi imetoka, mchanga umeingia.
Goti likikosa mafuta, mwenye goti hulala macho."
Akanitajia bei ya watu wenye viatu safi.
Nikanunua kardani ya okazioni,
nikaifunga ndani ya gunia la mahindi,
fundi nikamwacha sokoni.

Jumamosi. Ua wetu umeinama kama bega la mbeba mizigo.
Nikatia mawe mawili nyuma ya magurudumu,
na la tatu kwa ajili ya Nankafu,
ambaye mawili hayaamini.

Nati ya katikati haikutaka kusikia.
Nikavika mpini bomba la maji,
nikalipanda kwa miguu miwili,
mwalimu wa hesabu mzima, kilo themanini na moja
pamoja na aibu yangu, majirani wamejaa ukutani.
Ikapiga yowe moja la mbwa aliyekanyagwa mkia.
Ikalegea.

Ndipo krike ikapanda,
na chini ya bodi nikasukuma gogo la mkaratusi,
maana krike ni mtumishi, si ndugu.

Gurudumu chini. Boliti tatu, ya nne kwa nyundo na maombi.
Nikaivuta kardani kuukuu, ikang'oka ghafla
na oili ya giaboksi ikanifuata hadi kwapani.
Nilichokikinga haraka kilikuwa beseni la vyombo.
Jambo hilo, mpaka leo, nyumbani halizungumzwi.

Nikalaza mpya kando ya kuukuu.
Meno ya kuukuu: ishirini na sita.
Meno ya mpya: ishirini na matatu.
Nikahesabu tena, kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza.
Ishirini na matatu.

Basi nikapanda pikipiki, kardani magotini
kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali,
mvua inatupiga tangu Nyawera.
Cirhuza akacheka, akabadilisha, akadai nyongeza.
Nikatoa.

Saa kumi na mbili, umeme hakuna,
Ansima akanishikia simu kwa mwanga.
Nikasukuma, nikazungusha, nikasukuma,
mpaka ndani kabisa, gizani kwa giaboksi,
kikasikika: tak.
Kidogo hivyo. Kipete kimeingia mahali pake.
Nikacheka peke yangu chini ya gari
na matone ya oili yakanidondokea mdomoni.

Kuukuu tuliifungua kesho yake.
Ndani ya grisi nyeusi, gololi sita,
kila moja imelika ubavu mmoja.
Ansima akazisafisha kwa sabuni na majivu,
akampa Bisimwa mdogo wake azichezee.
Sasa huzirusha uani, na hakuna inayokwenda sawa,
zote hupinda kidogo njiani
kana kwamba bado zinakumbuka Panzi.

Jumatatu jioni nikarudi kutoka shule.
Kona ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya.
Nilikata kulia kwa makusudi mara mbili
nisikie kutosikia chochote.
Nikafika nyumbani: geti limefungwa.

Miezi mitano nilikuta geti wazi.
Sikuwahi kujiuliza nani hulifungua,
wala kwa ishara gani.

Honi yangu ilikufa mwaka juzi.
Nikakaa kidogo, injini inanguruma.
Kisha nikatoa mkono dirishani
nikagonga bati la mlango kwa pete ya ndoa:
ko-ko-ko-ko.

Kandambili zikaja mbio. Komeo likaruka.
"Baba," akasema Ansima, amekunja uso,
"kumbe halijapona?"